Sura ya Sita: Pointi ya Kuchonga kwa Tupa

Kaunti ya Kilifi ina reli mbili, ingawa mtoto wa Malindi au Watamu anaweza kukua mpaka akaoa bila kuiona hata moja. Zote zinapita mbali na bahari, upande wa Mazeras na Mariakani. Ya kwanza ni ile ya zamani, Reli ya Uganda, iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901, na upana wake kati ya reli na reli ni mita moja. Ya pili ni SGR iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, yenye upana wa milimita 1,435. Treni ya njia moja haiwezi kutembea juu ya nyingine.

Chukua sasa namba hizo mbili uzigawe kwa 87, kwa kuwa hicho ndicho kipimo kinachopendwa zaidi na waundaji wa reli za mfano duniani: kila kitu kinapunguzwa mara 87. Milimita 1,435 zinabaki 16.5. Milimita 1,000 zinabaki 11.5. Na katika maduka ya reli za mfano, njia za upana wa milimita 16.5 na za milimita 12 zote zinauzwa. Kwa hiyo reli mbili za Mariakani, ya mkoloni na ya Mchina, zinaweza kukaa juu ya meza moja kwa kipimo kimoja, na kosa lote ni nusu milimita upande wa ile ya zamani. Kosa hilo mimi nalisamehe, maana magurudumu ya milimita 12 yanapatikana na ya 11.5 hayapatikani. Sijui kaunti nyingine ya pwani ambayo mfano wake ungependeza hivyo.

Mambo yanaharibika mtu anapofika kwenye pointi.

Pointi ni mahali njia moja inapogawanyika ikawa mbili. Pasipo pointi hakuna stesheni, treni hazipishani, wala hakuna behewa linaloweza kuachwa pembeni lishushiwe mzigo. Pointi za milimita 16.5 zimejaa tele, kwa sababu upana zinaouwakilisha ndio wa nchi nyingi. Za milimita 12 nazo zipo, lakini watengenezaji wake, kama Bemo wa Ujerumani, wanawaangalia wateja wanaopenda reli za milimani za Uswisi. Reli yetu ya zamani ililazwa juu ya mataruma ya chuma, yale yanayokingama chini ya reli, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawana simile na mbao, na njia iliyolala juu ya mataruma ya chuma ina sura yake. Kiwanda cha kutengeneza pointi ya Reli ya Uganda hakipo, na kwa uchache wa wanunuzi sioni nani atakianzisha. Anayetaka Mariakani ndogo inayofanana na Mariakani atanunua reli nyofu, tupa na lehemu, kisha ataichonga pointi kwa mkono wake. Nami naamini kwamba hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi nzima, kwa sababu mtu akishaichonga pointi moja anaijua reli kwa ndani, jinsi gurudumu linavyobebwa na jinsi linavyoelekezwa, na hakuna kitabu kinachoweza kumpa ujuzi huo.

Waingereza waliwahi kukwama papa hapa. Kipimo kilichoenea kwao ni 1 kwa 76, lakini kwa sababu za kibiashara wakakiweka juu ya njia ya milimita 16.5, wakati hesabu inadai 18.83. Reli yao ya mfano ikawa nyembamba kuliko ya kweli kwa sentimita 18 hivi, na jicho la aliyezoea reli linaliona hilo mara moja. Tangu miaka ya 1950 wamekuwapo waliokataa kulivumilia, wakapanua njia zao, na kwa kuwa hakuna aliyewauzia pointi za upana huo wakaanza kuzichonga wenyewe. Mengi tunayoyajua leo juu ya kuchonga reli ndogo yametoka kwa wakaidi hao.

Hata hivyo simshauri mtu aanze na Mariakani. Aanze na troli za Mombasa.

Kabla ya reli ya mita moja kulikuwa na nyingine, nyembamba zaidi. Mwaka 1890 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile IBEA, ilianza kutandaza reli ya upana wa futi 2 kutoka Mombasa, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Ilikoma baada ya maili 7 hivi. Baadaye reli zake ziling'olewa, zikapewa kazi nyingine kisiwani: njia za troli. Troli lilikuwa benchi juu ya magurudumu madogo, lenye kipaa cha kukinga jua, na nyuma yake wanaume waliolisukuma huku wakikimbia. Njia kuu iliunganisha upande wa mji na bandari ya Kilindini, na kutoka hapo vijia vilikata pembeni kuingia nyumbani kwa maofisa. Bwana aliketi kivulini, na aliyemsukuma alikimbia juani. Rikisho na motokaa zilipozidi, miaka ya mwanzo ya 1920, troli zikatoweka.

Kila kijia kilichoingia kwa ofisa kilidai pointi yake, na pointi ya njia nyembamba namna hiyo ndiyo darasa zuri la mwanzo. Ukipunguza kwa 1 kwa 19, futi 2 zinakuwa milimita 32 barabara. Kila kitu kinaonekana bila miwani ya sonara. Msukumaji anakuwa na kimo cha sentimita 9, na Malindi haijapungukiwa watu wa kuchonga mtu wa kimo hicho kwa mti. La muhimu zaidi, troli halina injini, kwa hiyo hakuna umeme wa kufikiria: unalisukuma kwa kidole, na kidole kinahisi kila kasoro ya njia.

Reli ya mfano huuzwa kwa vipande vya karibu mita moja, nayo imevutwa kiwandani ikapata umbo kamili la reli, yaani kichwa juu, kiuno katikati na kitako chini. Kwa troli tumia yenye kimo cha milimita 2.5, ukiizidisha kwa 19 unapata sentimita 5 kasoro kidogo, kimo kinachofaa reli nyepesi. Iwe ya aloi ya shaba, zinki na nikeli, ile nyeupe inayong'aa kama fedha ilhali haina fedha ndani yake. Ipo pia ya chuma, tena kwa bei nafuu, lakini sisi tunaishi karibu na maji. Hewa ya chumvi ya Malindi inakula bawaba za milango, sembuse waya wa milimita 2. Aloi hiyo pia inachongeka vizuri na inapokea lehemu bila ubishi.

Tupa zinatosha tatu: bapa yenye meno ya kati kwa kupunguza, bapa laini kwa kumalizia, na seti ya zile nyembamba wanazotumia masonara. Nunua nzuri, uzifunge kwa kitambaa, wala usimpe mtu akanolee panga. Masonara wa miji yetu ya pwani wanalehemu pete za mkufu ambazo wewe na mimi hatuwezi hata kuzishika, na yeyote anayetaka kujifunza kuchonga reli akae nao asubuhi moja atazame. Mmoja wao, mzee wa Malindi, alinitazama nikisugua tupa mbele na nyuma, akaniambia, "Mwanangu, tupa inakata ikienda. Ikirudi inaua meno yake tu. Inyanyue." Ni kweli kabisa. Meno ya tupa yameelekea mbele. Kuyaburuza nyuma juu ya chuma ni kuyatia butu bure.

Vinginevyo unahitaji jiliwa, msumeno mdogo wa chuma, pasi ya kulehemia na fluksi, na kipande cha mti mgumu. Kipande cha mbambakofi kilichobaki kwa mchonga milango kinafaa sana. Na unahitaji mchoro wa pointi wa kipimo kilekile, unaolazwa chini ya kazi. Iko programu ya Kiingereza iitwayo Templot, ya bure, ambayo unaipa upana wa njia na pembe unayotaka, nayo inakupa mchoro wa kuchapisha, kila taruma mahali pake.

Mimi naanza na kabari, maana vipimo vingine vyote vinatoka kwake. Kabari ni pale katikati ya pointi ambapo reli mbili za ndani, moja ya njia hii na moja ya njia ile, zinakutana na kufanya ncha. Kwa troli pembe ya 1 kwa 4 inafaa: kila sentimita 4 unazokwenda mbele, njia zinaachana sentimita 1. Kila moja ya reli mbili inachongwa nusu ya pembe hiyo, yaani 1 kwa 8, ili zikigusana zifanye pembe kamili.

Kulenga 1 kwa 8 kwa macho ni kujitesa, na hapa ndipo mbambakofi unapofanya kazi. Chimba kwenye uso wa ubao mfereji mwembamba wa kusimamisha reli, ulioinama 1 kwa 8 kutoka kwenye ukingo wa ubao, mpaka utokeze ukingoni. Simamisha reli humo, ibane kwa kibao cha juu, na mwisho wake utokeze nje kwa mshazari. Tia ubao kwenye jiliwa, kisha piga tupa kufuata ukingo. Unapoanza, tupa inalia kwa sauti kali, maana inakata pembe ya kitako tu. Inapokigusa na kichwa sauti inakuwa nzito. Ikizidi kuwa nzito umeingia kiunoni. Endelea mpaka tupa ianze kuugusa ubao, hapo simama. Reli itakuwa na mteremko wa karibu sentimita moja na nusu, laini, unaong'aa. Reli ya pili inachongwa ubavu wa pili, kwa hiyo ubao unahitaji mfereji mwingine ulioinama kinyume. Anayesahau hilo huishia na reli mbili za mkono mmoja zisizokubali kukutana. Kampuni iitwayo Fast Tracks ya Kanada inauza vibao vya chuma vyenye mifereji tayari, vya pembe mbalimbali, na ni vizuri. Lakini kwa pointi chache za troli mbambakofi unamudu.

Zilaze reli mbili pamoja juu ya kigae, miteremko ikigusana, uzishikilie kwa pini. Fluksi kidogo, lehemu kidogo, na joto litoke upande wa chini ili lehemu isifurike juu ya kichwa. Ikipoa, butua ncha. Hapa wanaoanza hushangaa: wamehangaika kupata ncha kali, kisha wanaambiwa waikate. Ncha kali haibebi gurudumu. Hata kwenye reli ya kweli pua ya kabari ni butu, na imeshushwa kidogo ili uzito wa gurudumu uipande polepole. Pigo la mahali hapo ni kubwa mno hata kabari nyingi za reli nzito zinasubuwa kwa chuma chenye manganizi, aina aliyoigundua Mwingereza Robert Hadfield mwaka 1882, ambacho kadiri kinavyogongwa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu.

Kabari peke yake ina hatari. Ili ukingo wa gurudumu upite, lazima reli ikatwe kuacha mfereji, na gurudumu likifika kwenye mfereji huo kwa nukta moja halina wa kulishika mkono. Linaweza kuingia upande usio wake. Anayelizuia ni mwenzake wa upande wa pili. Ng'ambo ya kabari, sambamba na reli ya nje, unawekwa ufito mfupi wa reli ya ulinzi. Ukingo wa gurudumu la ng'ambo unabanwa kati ya ufito na reli, na kwa kuwa magurudumu mawili yamefungwa kwenye mhimili mmoja, likizuiliwa hili na lile limezuiliwa. Pima nafasi hiyo kutoka kwenye pua ya kabari, kwa magurudumu utakayotumia yakiwa mkononi mwako. Ikizidi upana, gurudumu linapiga pua. Ikipungua, troli linapanda juu na kukaa.

Ndimi ndizo zinazoogopesha watu, na ndizo zinazofurahisha kuliko vyote. Ulimi ni reli inayosogea. Upande mmoja wa pointi ulimi umeegemea reli ya nje, ninayoiita reli mama, na upande wa pili ulimi mwingine umeachana na mama yake. Ufito unaziunganisha ili ziende na kurudi pamoja. Gurudumu likija, ulimi ulioegemea unalipokea na kulivuta kwenye njia mpya. Kwa hiyo mwisho wa ulimi lazima uwe mwembamba kama wembe, ulale kwenye ubavu wa reli mama pasiwe na kigongo.

Kata reli ya sentimita 7. Chonga kwanza mgongo wake, ubavu utakaoegemea mama: ondoa kitako cha upande huo na nusu ya kichwa, kwa mteremko mrefu, mpaka ukifike kiuno. Kisha geuza uchonge ubavu wa ndani, ule unaoguswa na ukingo wa gurudumu, kichwa tu, kikipungua mpaka kiishe nchani. Kitako cha ndani usikiguse. Ndicho kinachouzuia ulimi usipinde, na ndicho kinachoteleza juu ya mataruma. Kila mara sukuma tupa kuelekea nchani, kamwe usiisukume kutoka nchani kuja kwako, kwa kuwa ncha ikishakuwa nyembamba meno yanaidaka na kuikunja, na ulimi uliokunjika haunyooki tena ukawa kama zamani. Nchani bonyeza kwa kidole kwa nyuma, juu ya mti, kwa sababu chuma chembamba kinaikimbia tupa. Unadhani unakikata kumbe kinainama tu.

Reli mama nayo inachongwa. Mahali ulimi utakapolala, ondoa kitako cha mama cha upande wa ndani, kwa urefu ule ule wa mteremko wa ulimi, ili vichwa vyao vigusane. Wengi wanaisahau hatua hii na kulaumu ulimi. Shika viwili hivyo pamoja uviangalie dirishani: ukiona mwanga kati yao, bado. Pitisha ukucha kutoka kwa mama kwenda kwenye ulimi. Ukucha ukikwama, gurudumu litakwama. Mwisho, punguza kimo cha ncha ya ulimi kidogo sana, ili mwanzoni uzito ubebwe na mama na ulimi uupokee ukishapata unene. Reli kubwa hufanya vivyo hivyo.

Kwa mataruma natumia vipande vya bodi ya saketi, ile tupu yenye utando wa shaba, ambayo haijachorwa chochote. Inapatikana kwa wauza vifaa vya redio. Unaikata vipande, unakipaka kila kimoja fluksi, unailaza reli juu yake na kuigusa kwa pasi. Inashika papo hapo, na ukikosea upana unaipasha tena uisogeze. Mataruma ya pointi hayalingani. Yanarefuka kadiri njia zinavyoachana, mpaka pale ambapo kila njia inajitegemea na kurudia yake mafupi. Lehemu mama mmoja mnyofu kwanza, kisha kabari, kisha kila kitu kingine kwa kupima kutoka kwa hivyo viwili. Fungua dirisha wakati wa kulehemu, na ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, maana lehemu nyingi zina risasi ndani yake.

Aliyeichonga pointi ya troli ikapitisha magurudumu bila kugonga anaweza kwenda Mariakani.

Huko kila kitu ni kile kile, kidogo zaidi, na mambo mawili yanaongezeka. La kwanza ni urefu wa vyombo. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliitengenezea reli ya Afrika Mashariki vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59, vikapewa majina ya milima. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, na hakuna vichwa vya mvuke vya njia ya mita moja vilivyovishinda kwa nguvu. Kimoja, Mount Gelai, kipo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, na anayetaka kujenga mfano na aende akasimame kando yake. Kinazidi mita 31. Ukikigawa kwa 87 kinabaki sentimita 36, na chombo cha urefu huo, hata kama kimeundwa kupinda sehemu mbili, hakipendezi kwenye pointi ya 1 kwa 4. Chonga 1 kwa 8. Kila reli ya kabari basi inachongwa 1 kwa 16, na kwa reli ya kimo cha milimita 1.4 unahitaji mwanga wa asubuhi na mkono uliotulia.

La pili ni umeme. Treni ndogo hupata umeme kutoka kwenye reli zenyewe, reli moja chanya na nyingine hasi, kwa kawaida volti 12. Kabari inaguswa na njia zote mbili. Treni ikienda nyofu kabari inatakiwa iwe upande mmoja wa umeme. Ikikata kona, upande wa pili. Kwa hiyo kabari inatengwa: reli zinakatwa kwa msumeno mwembamba mbele na nyuma yake, utando wa shaba wa kila taruma unakwanguliwa katikati, na kabari inapewa waya wake unaopitia swichi ndogo inayogeuzwa na ufito ule ule unaosogeza ndimi. Uzi mmoja wa lehemu ukisahaulika juu ya taruma unatosha kuzima treni zote mezani. Pima kila taruma kwa mita ya umeme kabla hujaweka pointi mahali pake. Ikishagundishwa, kutafuta kosa ni adhabu.

Meza yenyewe ina vita vyake. Huku kwetu si joto linaloharibu, kama wengi wanavyodhani. Reli ya mita moja haiongezeki hata nusu milimita kati ya asubuhi na adhuhuri. Unyevu ndio adui. Masika ikiingia, mbao zinavimba, na kaskazi likikausha zinajivuta, na pointi iliyofungwa kwa nguvu juu ya ubao huo inasukumwa mpaka ndimi zinaachana na mama zao. Tumia plaiwudi ya kutengenezea boti, ipake rangi pande zote na kingo zote, hata uvunguni pasipoonekana, na acha mianya midogo kila reli inapoungana na nyingine.

Kabla ya rangi ijaribu pointi kwa behewa moja, si kwa treni. Lisukume polepole kutoka pande zote tatu, ndimi zikiwa hivi kisha zikiwa vile, macho yakiwa usawa wa meza. Likiruka kwenye kabari, tazama reli ya ulinzi kabla ya kuigusa kabari. Likipanda kwenye ulimi, rudi na ukucha. Likipita kimya, lisukume kinyumenyume, kwa sababu behewa linalosukumwa linafichua kasoro ambazo linalovutwa huzifunika.

Kisha paka reli na mataruma rangi ya kutu; kwenye mataruma ya chuma kutu ndiyo inayofaa, usipake ya mbao. Ikikauka, pitisha msasa laini juu ya vichwa vya reli umeme upate njia, weka kokoto zilizochekechwa, na uwe mwangalifu zisiingie chini ya ndimi. Halafu rudi kwenye ubao wa mbambakofi ukachonge ya pili, ya mkono wa kushoto, kwani njia ya kupishana ina ncha mbili na treni iliyoingia kwenye moja haina budi kutokea kwenye nyingine.